Kabla ya Baridi ya Julai: Chanjo ya Homa ya Mafua kwa Mtoto Mwenye Pumu

Fungua kijitabu cha kliniki cha mwanao, kile cha mama na mtoto. Utaona chanjo za kifua kikuu, polio, pentavalenti, nimonia, rota na surua zimepangwa kwa wiki na miezi, kila moja na nafasi yake ya tarehe. Chanjo ya homa ya mafua haimo. Haimo kwa sababu si sehemu ya ratiba ya bure ya taifa, kwa hiyo hakuna nesi atakayekupigia simu kukukumbusha, wala mhudumu wa afya atakayepanda ngazi hadi ghorofa yako ya sita Kirichwa Road, hapa Kilimani, kuuliza kama mtoto amechanjwa. Mwaka 2016 kamati ya wataalamu inayoishauri serikali kuhusu chanjo ilipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 wapewe chanjo hii. Pendekezo hilo halijageuka kuwa sindano ya kawaida kliniki, na hata lingegeuka, mtoto wa miaka saba mwenye pumu angebaki nje. Mzazi ndiye wa kuitafuta, kuilipia na kuikumbuka kila mwaka.

Kijitabuni humo mna mtego mdogo. Pentavalenti, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2001, hukinga magonjwa matano, na moja huletwa na kijidudu chenye jina refu la Haemophilus influenzae aina ya b. Mzazi akiliona neno hilo la pili huhitimisha kwamba mwanawe ameshakingwa. Bado. Hicho ni bakteria kinacholeta homa ya uti wa mgongo na nimonia, na kilipewa jina hilo karne ya 19 na watafiti waliodhani ndicho chanzo cha homa ya mafua. Walikosea, jina likabaki. Sindano ya nimonia iliyoingia mwaka 2011 nayo ina kazi yake tofauti. Homa ya mafua huletwa na kirusi, na chanjo yake ni nyingine kabisa.

Je, mwanao ana pumu?

Swali hili si la kijinga. Hapa Nairobi kuna watoto wanaoitwa wenye "kifua", "mzio wa kifua" au "kifua chepesi" kwa miaka, kwa sababu neno pumu linawatisha wazazi, na wakati mwingine daktari huona heri asilitamke. Kama mtoto hupiga filimbi kifuani kila apatapo mafua, hukohoa usiku wa manane na alfajiri, hushindwa kumaliza mchezo wa mpira kwa kukosa pumzi, na ameshawekwa kwenye nebulaiza zaidi ya mara moja, muulize daktari waziwazi: hii ni pumu au siyo? Jibu liandikwe kwenye faili. Litakusaidia kwa bima, shuleni, na kwa chanjo hii.

Pumu haimfanyi mtoto ashike homa ya mafua upesi kuliko wenzake darasani. Tatizo ni kinachofuata. Njia zake za hewa zimevimba kidogo hata siku ambazo anakimbia vizuri. Kirusi kikiingia, uvimbe unazidi, makohozi yanajaa, misuli ya njia hizo inabana, na ugonjwa ambao dada yake ataulalia siku tatu unampeleka yeye emajensi saa nane za usiku. Wenye pumu ndogo nao hawajasalimika. Hata kwao uwezekano wa kupata nimonia au kulazwa huwa mkubwa kuliko kwa mtoto asiye na pumu.

Sasa tusidanganyane kuhusu nguvu ya sindano yenyewe. Katika miaka ambayo chanjo imelingana vyema na virusi vinavyozunguka, hupunguza uwezekano wa kuugua homa ya mafua kwa kati ya asilimia 40 na 60. Mafua mengi ya utotoni huletwa na virusi vingine, hasa rhinovirusi, ambavyo chanjo hii haivigusi kamwe. Basi mtoto akipiga chafya wiki tatu baada ya kuchomwa, usiseme umeibiwa. Ulichonunua ni nafuu dhidi ya ugonjwa mmoja ulio mkali kuliko mafua ya kawaida.

Na ile hofu kwamba sindano "itaamsha pumu"? Iliwahi kupimwa Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2001 katika jarida la New England Journal of Medicine. Watu 2,032 wenye pumu, wa umri wa miaka 3 hadi 64, walichomwa chanjo halisi na sindano isiyo na dawa kwa nyakati tofauti, bila kujua ipi ni ipi. Katika siku 14 zilizofuata chanjo, pumu ilizidi kwa asilimia 28.8 yao. Baada ya sindano isiyo na dawa, asilimia 27.7. Hakuna tofauti ya maana. Pumu huwa inakuja na kuondoka, na ikija siku mbili baada ya sindano, sindano hulaumiwa. Chanjo hiyo ina vipande vya virusi vilivyouawa. Haiwezi kumpa mtoto homa ya mafua.

Inhela kwanza

Hapa nina msimamo, na sitauficha. Kama pesa za mwezi huu zinatosha kitu kimoja tu kati ya chanjo na inhela ya kuzuia, nunua inhela. Nasema ile ya kahawia, ya chungwa au ya zambarau, yenye dawa ya kutuliza uvimbe, inayotumiwa kila siku hata mtoto akiwa mzima. Ile ya buluu hufungua kifua kwa saa chache na kuacha uvimbe palepale. Mjini hapa tumezoea mno nebulaiza: mtoto anabanwa, anapelekwa, anavutishwa mvuke, analala vizuri usiku huo, na wiki mbili baadaye safari ni ileile. Anayeishi hivyo pumu yake haijadhibitiwa, na sindano ya homa ya mafua haitaidhibiti.

Muulize daktari pia kuhusu speisa, kile kichupa kinachowekwa kati ya inhela na mdomo. Bila hicho dawa nyingi ya mtoto huishia kwenye ulimi. Cha dukani kikikushinda bei, utafiti uliofanywa Afrika Kusini miaka ya 1990 ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa vizuri nyuma ili inhela ikae bila kuvujisha hewa, hufanya kazi hiyo. Mwombe nesi akuonyeshe kabla hujaanza kutoboa chupa jikoni.

Pumu ikiwa imedhibitiwa, chanjo inaongezwa juu yake. Mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unashauri chanjo hii kila mwaka kwa mwenye pumu ya kati au kali. Kama mwanao amewahi kulazwa, au amekunywa vidonge vya prednisoloni kwa ajili ya kifua mwaka huu, sioni cha kujadili.

Lini?

Ulaya homa ya mafua huja na majira ya baridi na kuondoka nayo. Sisi tuko nyuzi moja na kitu kusini mwa ikweta, na mambo hayajanyooka hivyo. Ufuatiliaji ambao taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI na CDC ya Marekani wameufanya kwa miaka, ukiwemo ule wa Kibera, mwendo mfupi kutoka Ngong Road, unaonyesha kwamba kirusi kipo Kenya karibu mwaka mzima, kikipanda na kushuka. Shirika la Afya Duniani hukutanisha wataalamu mara mbili kwa mwaka kuchagua virusi vya kuweka kwenye chanjo: Februari kwa nusu ya kaskazini ya dunia, Septemba kwa nusu ya kusini. Sisi tunaweza kukuta yoyote kati ya chanjo hizo mbili madukani.

Kwa mtoto wa shule wa Kilimani, mimi ningelenga likizo ya Aprili. Muhula wa pili ndio wa baridi. Juni hadi Agosti joto la usiku hushuka hadi nyuzi 10 hivi, basi la shule linatembea na madirisha yamefungwa, na darasa zima linakoholeana. Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka baada ya sindano. Na kuna hesabu ambayo wazazi wengi huikosa: mtoto wa chini ya miaka 9 anayechanjwa homa ya mafua kwa mara ya kwanza maishani anahitaji dozi mbili, zikiachana wiki nne au zaidi. Ya kwanza ikichomwa katikati ya Aprili, ya pili inaangukia katikati ya Mei, na mwanzo wa Juni yuko tayari. Mwaka unaofuata ni dozi moja tu. Kuanzia miaka 9 ni moja tangu mwanzo. Chini ya miezi 6 haichomwi.

Aprili ikikupita, usingoje Aprili nyingine. Kwa kuwa kirusi hakipotei, chanjo yoyote ambayo muda wake haujaisha inafaa kuliko kukaa bure. Ile ya kaskazini hutoka kuelekea mwisho wa mwaka, na ina maana yake kama mnasafiri Uingereza au Marekani Desemba, au kama nyumba yenu ndiyo inayojaa jamaa wa ughaibuni wakija Krismasi na chokoleti na vikohozi vyao.

Kuitafuta

Kilimani umezungukwa na hospitali: Nairobi Hospital na Nairobi Women's upande wa Argwings Kodhek na Hurlingham, Coptic pale Ngong Road, kliniki za madaktari wa watoto zilizojaa kati ya Yaya na Adams Arcade, na maduka ya dawa karibu kila jengo la biashara. Gertrude's, hospitali ya watoto, makao yake ni Muthaiga lakini ina matawi mjini. Wingi huo usikupe uhakika wa bure. Chanjo hii huja kwa shehena na huisha, hivyo anza kupiga simu Machi, kabla hujamvalisha mtoto viatu.

Kwenye simu usiulize tu kama wanayo. Uliza ni ya mwaka gani, kama inaruhusiwa kwa umri wa mwanao, na kama bei ni ya sindano pekee au ina ada ya kumwona daktari na ya kuchoma juu yake. Hizo ada ndogondogo ndizo huvimbisha bili. Kisha pigia bima. Bima nyingi hulipia chanjo za ratiba ya serikali na kunyamaza kuhusu nyingine, na "tunalipia chanjo" si jibu. Taja homa ya mafua kwa jina, uliza inakatwa kwenye kikomo gani, na kama barua ya daktari inayosema mtoto ana pumu itabadilisha chochote. Jibu liletwe kwa baruapepe.

Wengine hununua sindano duka la dawa na kuipeleka kwa daktari wao. Inawezekana, lakini chanjo hii hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na foleni ya Ngong Road saa kumi na moja jioni haijali hilo. Ibebe kwenye kikasha chenye barafu, iliyozungushiwa kitambaa ili isiguse barafu yenyewe, maana ikiganda imeharibika sawa na iliyopata joto. Ushauri wangu ni uchanje palepale inapohifadhiwa, hata kama bei imezidi kidogo.

Soma kisanduku

Ukiwa chumbani, kabla sindano haijafunguliwa, omba uone boksi. Ni haki yako na nesi mzoefu hatakasirika.

"Sista, hii ni ya kusini ama ya kaskazini?"

"Ya kusini, mama. Soma tu mwenyewe."

Ya kusini huandikwa mwaka mmoja, kama 2025. Ya kaskazini huandikwa miwili, kama 2025/2026. Angalia tarehe ya mwisho. Chini kidogo utakuta majina yaliyo kama namba za mizigo, kwa mfano A/Victoria/4897/2022, kirusi kilichokuwa kwenye chanjo ya kusini ya 2024 na ya 2025. Jina hilo linasomeka hivi: kirusi aina ya A, kilichopatikana Victoria, Australia, sampuli namba 4897, mwaka 2022. Majina hayo yakibadilika, chanjo ya mwaka jana imepitwa, na ndiyo maana tunarudi kila mwaka.

Hesabu pia ni majina mangapi. Baadhi ya chanjo zina virusi vinne, nyingine vitatu, na ya vinne mara nyingi huuzwa kama bora zaidi. Kirusi cha nne, cha ukoo wa B/Yamagata, hakijathibitishwa kuonekana popote duniani tangu Machi 2020, na tangu 2023 Shirika la Afya Duniani linasema hakihitajiki tena. Usilipe zaidi kwa ajili yake. Usiikatae pia kama ndiyo iliyopo.

Mkisafiri kwenda nchi ambako watoto hupuliziwa chanjo puani, mweleze mhudumu kwamba mtoto ana pumu kabla hajafungua chochote. Ile ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa mwongozo wa Marekani haipewi mtoto wa miaka 2 hadi 4 mwenye pumu au aliyepiga filimbi kifuani ndani ya mwaka mmoja. Yeye apewe sindano.

Siku yenyewe, kikohozi kidogo na makamasi si sababu ya kurudi nyumbani. Joto kali, au kifua kilichobana hivi sasa, ni sababu. Atulizwe kwanza, arudi wiki nyingine. Mzio wa mayai, uliokuwa ukiwanyima watoto wengi chanjo hii zamani, hauzuii tena. Kinachozuia ni kama aliwahi kupata mzio mkali, wa kuvimba uso au kukata pumzi, baada ya dozi iliyopita ya chanjo hiihii. Taja pia dawa zote anazotumia. Inhela ya kuzuia isiachwe hata siku moja kwa ajili ya sindano.

Mdogo huchomwa pajani, mkubwa begani. Kaeni robo saa kabla ya kuondoka. Mkono unaweza kuuma na joto kupanda kidogo kwa siku moja au mbili. Parasetamoli kulingana na uzito wake inatosha. Aspirini usimpe mtoto. Mwombe nesi aandike kijitabuni tarehe, jina la chanjo na namba ya bechi, upige picha kwa simu, na kama ni dozi ya kwanza, uondoke na tarehe ya pili mkononi. Dozi ya pili ndiyo inayosahaulika, kwa sababu Mei shule zimefunguliwa na wewe umerudi kwenye pilikapilika zako.

Akiugua bado

Itatokea kwa baadhi. Ukimwona ana joto la ghafla, mwili unamuuma, amelegea na kikohozi kikavu, mpigie daktari siku hiyohiyo, usingoje uone kesho itakuwaje. Kuna dawa ya kupunguza nguvu ya kirusi, oseltamiviri, na hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48. Antibiotiki haiui kirusi, hata ile iliyobaki kwenye kabati tangu Februari. Na Brufen usimpe kama hujawahi kumwona akiitumia bila shida. Baadhi ya wenye pumu hubanwa nayo.

Mwambie daktari akuandikie mpango wa pumu kwenye karatasi moja: mivuto mingapi ya inhela ya buluu, kila baada ya muda gani, na mkimbilie hospitali lini. Nakala moja ibandikwe kwenye friji, nyingine apewe mwalimu wa darasa, nyingine anayemsindikiza kwenye basi. Mbavu zikizama akivuta pumzi, akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, au inhela ya buluu isipomsaidia, ondokeni wakati huohuo huku mkiendelea kumpa mivuto kama mpango unavyosema.

Walio karibu naye

Kirusi huingia nyumbani na watu wazima mara nyingi tu: wewe kutoka ofisini, dada anayemlea kutoka kanisani Jumapili, nyanya aliyekuja na basi la usiku. Ukiweza, mchanje yeyote anayelala nyumba moja na mtoto, na dada usimkate gharama hiyo kwenye mshahara wake, anamlinda mwanao. Nyanya aliyevuka miaka 65 anaihitaji kwa ajili yake mwenyewe.

Na kama kuna mimba nyumbani, zungumza na kliniki ya wajawazito kuihusu. Wajawazito ni miongoni mwa watu ambao Shirika la Afya Duniani linataka wapewe chanjo hii kwanza, na kinga ya mama humfikia mtoto tumboni. Mtoto huyo hataweza kuchanjwa mwenyewe hadi afikishe miezi 6, na atakuwa akilala chumba kimoja na kaka yake anayekohoa.